Kidonge nilichomgawia dereva Koboko

KOBOKO, Uganda – Ilikuwa yapata saa tano za usiku na lori letu lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara ya kwenda Oraba. Ndani mlikuwa na sabuni, unga na sukari ya wafanyabiashara wanne waliotaka mzigo wao uwe wa kwanza kwenye foleni ya mpakani asubuhi. Dereva alikuwa ametoka Kampala, takriban kilomita 500 hadi Arua, kisha nyingine kama 55 kutoka Arua hadi hapa. Macho yake yalikuwa mekundu na shavu lake lilikuwa limefura kwa fundo la mairungi alilolianza tangu Pakwach.

"Ndugu mwandishi," aliniambia, "ile dawa yako ya kukaza akili, hebu nigawie nifike Oraba."

Alikuwa ameniona nikiimeza kila asubuhi tangu tulipoanza safari. Nilikuwa nimeomba lifti katika lori lake ili niandike habari za wafanyabiashara wa mpakani, na siku mbili za barabarani zilikuwa zimetufanya marafiki. Ugali ule ule, sufuria moja. Kumnyima kidonge kulinionekea kama uchoyo. Nilimpa viwili.

Haikupita saa nzima kabla mikono yake haijaanza kutetemeka juu ya usukani. Alizungumza bila kupumua, akaruka kutoka habari za ushuru hadi za mahari ya binti yake, kisha akanyamaza ghafla na kujishika kifua. Utingo ndiye aliyemwambia asimamishe gari. Tulimpeleka kituo cha afya kwa boda boda, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia asianguke.

Muuguzi wa zamu alipima presha, akaipima tena, kisha akauliza amekula nini. Dereva alitaja mairungi na chai. Nilisita, halafu nikatoa pakiti yangu mfukoni. Muuguzi aliisoma, akaninyooshea kidole kama mwalimu anavyomnyooshea mtoto mtukutu, akaniuliza mimi ni daktari wa wapi.

Dereva alilazwa hadi kulipokucha. Moyo ulitulia, akapona. Mzigo ulichelewa siku nzima, na simu za wenye mali hazikukoma. Kwa miaka miwili sijalisimulia jambo hili hadharani. Nalisimulia leo kwa sababu nimerudi Koboko, na kwa sababu katika vituo vya mabasi vya Arua na Koboko nimeombwa kidonge kile tena, mara tatu, na watu wazima wenye akili zao ambao shida yao ni uchovu tu.

Dawa hii ni nini

Dawa ninayotumia inaitwa methilifenideti. Wengi wanaifahamu kwa jina moja la kibiashara, Ritalin. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba nchini Uswisi, na jina hilo la kibiashara lilitokana na jina la mkewe, aliyeitwa Rita. Iko katika kundi la dawa za kusisimua mfumo wa fahamu. Katika kundi hilo hilo zimo amfetamini, ambazo daktari Charles Bradley wa Marekani alizijaribu kwa watoto mwaka 1937 akaona baadhi yao wakitulia na kusoma vizuri zaidi.

Hapo ndipo watu wengi wanaponiuliza: dawa ya kusisimua inamtulizaje mtu? Jibu fupi ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kupanga, kusubiri zamu na kumaliza tulichoanza, inategemea kemikali kama dopamini ili ifanye kazi yake. Kwa wenye hali inayoitwa kwa kifupi ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoambatana mara nyingi na utukutu usio wa kawaida, mfumo huo haufanyi kazi kama kwa wengine. Dawa huongeza kiasi cha kemikali hizo kinachopatikana kati ya seli. Breki hupata nguvu, na mtu akatulia.

Inakadiriwa kwamba watoto kama watano katika kila mia duniani wana hali hii, na watu wazima kati ya wawili na watatu katika kila mia. Haiji ukubwani kama mafua. Ili daktari aseme mtu mzima anayo, dalili lazima ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zionekane katika mazingira zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na kazini, na ziwe zinamharibia maisha.

Mimi niliambiwa ninayo nikiwa na miaka 31. Nilikwenda kwa daktari baada ya kupoteza kompyuta ya ofisi kwa mara ya pili na kukosa harusi ya dada yangu kwa sababu nilipanda basi la mji mwingine. Daktari hakunipa dawa siku hiyo. Aliomba nilete ripoti za shule ya msingi ambazo mama yangu alikuwa amezitunza. Mwaka baada ya mwaka, walimu tofauti waliandika maneno yale yale: ana akili lakini hatulii, hamalizi kazi, anasumbua wenzake. Kisha akanipima moyo na presha, akauliza kama katika ukoo wetu kuna aliyekufa ghafla kijana, kama nimewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na kama natumia pombe au mairungi. Ziara tatu zilipita ndipo akaandika cheti cha dawa.

Nilipomgawia yule dereva vidonge viwili, niliruka maswali hayo yote.

Faida yake na gharama yake

Siku ya kwanza niliyomeza, niliketi saa moja asubuhi na kuandika habari ya maneno 800 kuanzia sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mpangilio huo. Kwa mwandishi mwingine hilo ni jambo la kila siku. Kwangu lilikuwa geni kiasi kwamba nilikaa nikiitazama skrini nikatamani kulia. Kelele za ndani ya kichwa, ambazo nilidhani kila mtu anazo, zilikuwa zimepungua kama redio iliyopunguzwa sauti na jirani.

Gharama ilianza wiki ile ile. Njaa ilipotea mchana, nikapungua kilo nne katika miezi miwili. Nilipomeza dozi ya pili baada ya saa nane mchana, usiku nilihesabu mabati hadi alfajiri. Dawa ya aina yangu hufanya kazi kwa saa tatu hadi nne, na inapoisha huacha mtu amechoka na mwenye hasira za karibu. Mke wangu alijifunza kutoniuliza mambo ya pesa saa kumi jioni. Presha ilipanda kidogo, na daktari akanipunguzia dozi.

Kuna gharama nyingine isiyopimwa kwa mashine. Mwenzangu mmoja wa chumba cha habari aliniambia kwamba siku hizi nimekuwa kama karani, sichekeshi tena. Neno lile lilinichoma. Nilijiuliza ni mimi yupi hasa, yule mchekeshaji aliyesahau kila kitu au huyu anayefika kwa wakati. Nilimpelekea daktari swali hilo nikidhani ni la falsafa. Alilichukulia kama dalili, kwa sababu dozi ikizidi humfanya mtu apoe kupita kiasi. Alirekebisha dozi, na mzaha ukarudi, ingawa si wote.

Hofu ninayoulizwa zaidi ni uraibu. Ni hofu ya haki, kwa kuwa dawa hii ikitumiwa vibaya, kwa wingi au kwa njia isiyo ya mdomo, inaweza kumteka mtu. Lakini tafiti zilizowafuata watoto waliotibiwa kwa dozi za daktari hazikuonyesha kwamba dawa huwafanya wawe waraibu zaidi ukubwani. Kwa watoto wadogo suala jingine ni ukuaji: dawa inaweza kupunguza kidogo kasi ya kurefuka, ndiyo maana urefu na uzito hupimwa mara kwa mara.

Na je, inasaidia kweli? Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuata watoto 579 kwa miezi 14, na waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu walipata nafuu kubwa zaidi ya dalili kuliko waliopata mafunzo ya tabia pekee. Baada ya miaka mitatu tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka. Wachambuzi wa mtandao wa Cochrane, waliopitia majaribio 185 mwaka 2015, walisema dawa inaonekana kusaidia lakini ushahidi wenyewe ni hafifu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikataa mara mbili, mwaka 2019 na 2021, kuiingiza methilifenideti katika orodha yake ya dawa muhimu, likisema ushahidi wa faida na usalama wake haukutosha. Wataalamu wengi wa magonjwa ya akili hawakukubaliana na uamuzi huo.

Mimi ni mtu mmoja, si utafiti. Imenisaidia. Bado kila miezi mitatu daktari huniuliza kama nina sababu ya kuendelea, na mwaka jana tuliisimamisha kwa wiki tatu ili tuone. Niliendelea.

Ndugu wa mairungi

Turudi kwa dereva wetu. Kilichomwangusha ni hesabu rahisi. Jani la mairungi lina kathinoni, kemikali ambayo kwa umbo na kazi ni ndugu wa amfetamini. Ndiyo sababu wachuuzi hulifunga kwenye majani ya migomba na kulikimbiza sokoni: kathinoni hupotea nguvu ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa. Dereva alikuwa ametafuna kwa saa nyingi, hajala, hajalala. Moyo wake ulikuwa tayari unapanda mlima. Nilichofanya mimi ni kuukanyagia mafuta.

Wapo wanaosema kama mairungi na kidonge ni ndugu, basi kidonge ni bora kwa kuwa kimepimwa kiwandani. Wengine hugeuza hoja: kama ni ndugu, kwa nini nipoteze pesa kwa daktari wakati fungu la majani lipo stendi? Hoja zote mbili zinasahau mtumiaji. Kipimo cha kiwandani kinajua kuna miligramu ngapi kwenye kidonge. Hakijui kuna nini ndani ya kifua cha anayekimeza. Anayetafuna fungu naye hajui amekula kiasi gani, kwa sababu shina la leo si shina la jana.

Jambo lingine muhimu kwa mtu wa barabarani ni hili. Uchovu si ADHD. Mtu ambaye hajalala saa 20 akimeza dawa ya kusisimua atakuwa mtu mchovu asiyejua kuwa amechoka, na huyo ni hatari kuliko anayesinzia waziwazi. Lakini kwa mwenye hali hii kwa kweli, mambo yanaweza kuwa kinyume. Mwaka 2014 watafiti nchini Uswidi walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za watu zaidi ya 17,000 wenye ADHD. Kwa wanaume, matumizi ya dawa yaliendana na kupungua kwa ajali mbaya za barabarani kwa asilimia 58. Kwa wanawake tofauti haikuonekana wazi.

Kidonge hicho hicho kinaweza kumwepusha dereva mmoja na mtaro na kumpeleka mwingine kwa muuguzi wa zamu. Kinachowatenganisha ni yale maswali ya daktari.

Jani moja, sheria tatu

Wasomaji wa gazeti hili wanajua kuliko mimi kwamba bidhaa hubadilika jina inapovuka mpaka. Kenya imeitambua miraa kisheria kama zao la biashara. Tanzania inaihesabu kuwa dawa ya kulevya. Uganda, Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ya dawa za kulevya mwezi Mei 2023, baada ya wakulima na wafanyabiashara wa mairungi wa Wakiso kushtaki kwamba Bunge liliipitisha bila akidi, na Bunge likaipitisha upya mwezi Agosti mwaka huo huo, mairungi ikiwemo.

Dawa yangu nayo ina mipaka yake. Methilifenideti imo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Maana yake ni kwamba nchi zilizosaini huifuatilia kutoka kiwandani hadi kwa mgonjwa, na kuivusha mpaka bila karatasi kunaweza kukuingiza katika kesi ya dawa za kulevya hata kama ni yako halali.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Katika kituo kimoja cha mpakani, kabla ya safari ya lori, afisa alikuta vidonge vyangu vimefungwa kwenye karatasi ya nailoni ndani ya soksi. Nilikuwa nimeviweka hivyo ili visigongane mfukoni. Kwake vilikuwa vidonge visivyo na jina ndani ya soksi ya mtu mwenye haraka. Nilikaa kwenye benchi saa mbili hadi daktari wangu alipopokea simu. Afisa hakunikosea. Angekuwa mwepesi wa kuniamini, angekuwa mwepesi wa kumwamini na mlanguzi.

Watu wa West Nile wako karibu na mipaka miwili. Vurra inapakana na Kongo, Oraba inaelekea Kaya, Sudan Kusini, na karibu na Koboko kuna Salia Musala, ambako nchi zote tatu zinakutana. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, na mpango wa jumuiya wa kuoanisha usajili wa dawa ulizinduliwa Arusha mwaka 2012. Mfanyabiashara anaweza kudhani kwamba kilichosajiliwa Kampala kinapita Aru. Usajili humruhusu mtengenezaji kuuza. Haukuruhusu wewe kubeba dawa inayodhibitiwa kwenye kikapu cha vitenge.

Kwa anayetumia dawa hii au nyingine inayodhibitiwa, ushauri niliopewa na mfamasia, na ambao sasa naufuata, ni huu. Beba dawa katika pakiti yake ya asili yenye jina lako. Beba cheti cha dawa na barua ya daktari inayotaja jina la kitaalamu la dawa, dozi na siku za safari. Usibebe zaidi ya mahitaji ya siku 30. Ulizia kanuni za nchi unayokwenda kabla ya kuondoka. Kwa Uganda, Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, ina ofisi ya kanda mjini Arua. Wale mnaokwenda Dubai kuchukua bidhaa mjue kwamba Falme za Kiarabu hutaka kibali cha mapema kwa dawa za aina hii. Na usikubali kumbebea mtu "vidonge vya mgonjwa wangu" usivyovijua. Ukikutwa navyo, mgonjwa hatakuwepo.

Mtoto wa dereva

Niliporudi Koboko mwezi uliopita, yule dereva alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Ameacha kuendesha usiku. Mairungi hajaiacha kabisa, ila anasema haitafuni akiwa na gari. Tulipokwisha kunywa chai alinivuta pembeni. Hakutaka kidonge kwa ajili yake safari hii. Alikitaka kwa ajili ya mwanawe wa miaka tisa.

Mtoto yuko darasa la tatu. Hakai kwenye dawati, anapoteza kalamu kila siku, mwalimu amemchapa hadi amechoka, na mama yake anaambiwa na majirani kwamba amerogwa. Baba alikuwa amenisikia nikisimulia utoto wangu ndani ya lori na akamwona mwanawe humo. Aliniuliza kama nusu ya kidonge ingetosha kwa umri ule.

Nilimwambia sitampa hata robo. Alinitazama kama mtu anayedaiwa na aliyemkopesha, na kwa haki yake, maana yeye ndiye aliyelala kituo cha afya kwa ajili yangu. Kesho yake tulipanda teksi kwenda Arua, kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa.

Nilidhani wataanza na umakini. Walianza na masikio. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana hasikilizi. Kisha wakauliza kuhusu degedege na kifafa, kwa kuwa kuna kifafa ambacho mtoto haanguki, anapotea macho kwa sekunde chache tu na kurudi. Wakauliza kama amewahi kuugua malaria iliyopanda kichwani, analala saa ngapi, wangapi kitandani, anakula nini kabla ya shule. Wakauliza ameona nini.

Swali hilo la mwisho lina uzito wake katika West Nile. Eneo hili limepokea mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini, katika kambi kama Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi, na Lobule hapa Koboko inawahifadhi Wakongo. Mtoto aliyekimbia risasi hustuka, hakai, hasomi, halali. Ukimtazama kwa mlango wa darasa anafanana kabisa na mwenye ADHD, lakini anahitaji msaada mwingine, na dawa ya kusisimua inaweza kumzidishia wasiwasi.

Kuna na kumbukumbu ya malale. Wazee wa Koboko, Maracha, Yumbe na Arua wanaujua ugonjwa huo unaoletwa na mbung'o, ambao hubadilisha tabia ya mtu na kugeuza usiku wake kuwa mchana muda mrefu kabla hajaanza kusinzia hovyo. Mwaka 2022 WHO ilithibitisha kwamba aina ya malale iliyoko West Nile si tena tatizo kubwa la afya ya umma nchini Uganda. Ni ushindi mkubwa, na bado ni sababu ya kutosha ya mtu mzima aliyebadilika tabia ghafla kutojipa mwenyewe jina la ugonjwa alilolisikia redioni.

Mwisho wa ziara, mtoto hakupewa kidonge. Alipimwa masikio, baba akapewa tarehe ya kurudi na maswali yaliyoandikwa kwa ajili ya mwalimu. Mhudumu alieleza kwamba hata ikithibitika ni ADHD, mwongozo wa WHO kwa vituo visivyo na mabingwa huanza na kuwafundisha wazazi na walimu, na dawa kwa mtoto wa miaka sita na kuendelea hufikiriwa kwa ushauri wa bingwa. Kwa sasa mtoto aketi mbele, mbali na dirisha. Apewe agizo moja kwa wakati mmoja. Asifiwe anapomaliza, hata kama ni mstari mmoja. Asichapwe kwa kosa la kutokaa.

Dereva alitoka amenuna. Nauli ya watu watatu kwenda na kurudi, siku nzima bila kazi, na mkononi hana hata dawa ya kuonyesha. Aliniambia hospitali imempa maneno. Nilimwelewa. Kidonge ni kitu unachokishika, na sisi watu wa safari huamini tunachoweza kukipakia.

Nilimweleza kwamba mimi pia nilitoka mara mbili bila kitu kabla ya kupewa cheti, na kwamba huenda mwanawe asihitaji dawa kamwe, au akaihitaji na ikamsaidia kama ilivyonisaidia. Nikamwambia kwamba vyovyote itakavyokuwa, mwenye kupima ndiye atakayeamua. Sikuwa na lingine.

Jioni tulifika Koboko. Mtoto alikuwa amelala kwenye mapaja ya baba yake, kiatu kimoja kimepotea njiani. Dereva aliitoa ile karatasi ya maswali ya mwalimu, akaikunja mara mbili na kuiingiza kwenye mfuko wa plastiki anamoweka leseni na hati za mzigo. Alisema ataipeleka shuleni Jumatatu kabla ya kupakia.